Maziwa ya Mjukuu wa Njoro

Mama aliyekaa kando yangu kwenye basi la kutoka Olenguruone alikuwa amefungulia simu sauti yote, kwa hivyo sote tukawa wanafunzi bila kujiandikisha. Ni masomo ya bure ya mtandaoni kuhusu chakula na utunzaji wa shamba, akatuambia, na leo wamefika kwenye kuvu ya mahindi na sumu yake.

"Hiyo sumu haitoki hata ukipika," akamwambia mzee wa kiti cha upande wa pili, aliyebana mtungi wa maziwa katikati ya miguu.

Mzee akacheka. "Mama, sisi si wajinga. Yale yameoza tunachagua, tunampa ng'ombe."

"Na maziwa ya huyo ng'ombe? Mwalimu amesema sumu inapitia huko pia."

"Huyo mwalimu ako na ng'ombe?"

Basi zima likacheka. Hata mimi nilicheka, maana nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa asubuhi, na mtu akiogopa hucheka.

Mama hakucheka. "Hayo unapelekea nani?"

"Mjukuu. Binti yangu Cheruto amemwachisha kunyonya juzi."

Kisha mzee akakaza kifuniko cha mtungi, ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. "Yalikuwa kidogo tu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hayo mahindi."

Tulipofika Njoro, basi likasimama, mzee akashuka na mtungi. Cheruto alikuwa akingoja kando ya barabara, mtoto analia mgongoni.

"Lete, baba. Ako na njaa."

Akaushika mtungi. Mzee hakuuachilia.