Nani Amelala Kwao?

Mheshimiwa mgeni rasmi, kiongozi wetu wa elimu uliyefunga safari kutoka Bariadi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Sheikh wetu, Padre na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja na hakuna aliyelalamika, banamhala, wazee wetu wa kijiji, kina mayu, mama zetu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa Mwanjigila mliokalishwa juani kwa sababu maturubai yameishia kwa wakubwa. Mwangaluka!

Mnaitikia kama watu waliofunga. Mwangaluka! Haya, hapo sawa.

Mimi Salvatory Limbu, mwalimu mkuu wenu, nimeambiwa nistaafu kwa maneno machache. Wanaonijua wanajua kwamba hilo ni gumu kuliko kustaafu kwenyewe. Sitawasimulia maisha yangu. Nina ombi moja tu, na nalisema mapema ili asiwepo wa kudai baadaye kwamba hakulisikia: naomba saa ya Jumatano isifutwe.

Kwa wageni, nieleze. Kila Jumatano, kipindi cha mwisho, darasa la tano huzungumza kwa simu ya picha na wanafunzi wenzao wa shule moja ndogo huko Uskoti, kaskazini kabisa mwa Uingereza. Mwalimu Rehana Twaibu huegemeza simu yake kwenye dirisha la upande wa tangi la maji, maana ndiko mtandao unakokubali, kisha anatafsiri huku na kule mpaka sauti inamkauka. Sasa imependekezwa kwamba kuanzia muhula ujao kipindi hicho kiwe cha mazoezi ya mtihani. Uamuzi, mheshimiwa mgeni rasmi, uko mezani kwako. Mimi kuanzia kesho sina meza.

Swali linaloulizwa nalijua, kwa kuwa nimeulizwa na kila mtu, wakaguzi, wazazi, hata wapima pamba: "Mwalimu, kwa hao Wazungu mmepata nini? Madawati yako wapi? Kompyuta ziko wapi?" Nikijibu kwamba hatujaomba, mtu ananitazama kama aliyekubali kubadilisha fahali kwa kuku. Jamani, ni nani aliyetufundisha kwamba rafiki ni mtu wa kukuletea vitu? Na sisi hatuna cha kumpelekea mtu?

Huko Uskoti kuna binti anaitwa Fiona, na baba yake alikuwa mfugaji. Siku moja alituonyesha ng'ombe wao, manywele yamewafunika hadi macho. Salu Jilala, yule pale anayejificha nyuma ya mwenzake, akauliza, "Mwalimu, mbona ng'ombe wao wamevaa sweta?" Rehana akatafsiri, na kule nako wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo Fiona na Salu wakawa wanajuliana hali ya mifugo kama wazee waliokutana mnadani Lalago. Nani kazaa, nani anachechemea, nani kavunja zizi. Salu akamfundisha mwenzake Kiswahili kidogo, kile cha machungani, na nilipokisikia ilinibidi niingilie kati.

Msimu uliopita, watu wakiwa mashambani wanachuma pamba, Jumatano moja Fiona hakuonekana. Mwalimu wao akatuambia kwamba baba yake amefariki ghafla na wameshamzika. Kisha Salu akasimama, akauliza swali moja.

"Mwalimu, nani amelala kwao?"

Ndugu zangu, kwetu hilo si swali la kufikiria. Mtu akifiwa tunaacha majembe, tunabeba kuni, maji na unga, na usiku tunalala chini, nje ya nyumba yake, ili asibaki peke yake na uchungu wake. Rehana aliona aibu kulitafsiri, akanitazama. Nikamwambia, tafsiri, na desturi yetu uieleze. Mwalimu wa kule akaeleza kwamba kwao mfiwa huachwa apumzike. Watu hutuma kadi, hawapendi kumsumbua.

Salu hakukaa. "Kwa hiyo wako peke yao?"

Asubuhi iliyofuata nafika shuleni, nakuta mlango wa ofisi hauonekani kwa mizigo ya kuni. Kuna madumu ya maji, kuna unga kwenye vikapu. Nikafoka, mnanijua: nani kaleta sherehe hapa bila ruhusa? Darasa la tano zima likanijibu, "Ni za msiba wa kina Fiona, mwalimu."

Kuni za kupeleka Uskoti! Mnacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaona wao hawacheki, nikafunga mdomo. Nikamwuliza Salu, wewe mtoto, hizi kuni zitapandaje ndege? Akanijibu kwa upole, kama anayemwelewesha babu yake: "Tunajua hazifiki, mwalimu. Ila tungekaaje mikono mitupu, na tumefiwa?"

Tukawasha moto, tukapika ugali, tukala kimya kama watu tulioko msibani, kwa sababu tulikuwa msibani. Rehana akapiga picha, akazituma.

Sasa sikilizeni kilichotokea kule. Lile swali la Salu watoto walikwenda nalo nyumbani kwao. Mtoto akimwuliza mzazi wake, "Mbona tumewaacha peke yao?", mzazi atajibu nini? Wakaanza kwenda kwa kina Fiona. Huyu amebeba supu, yule amelisha ng'ombe, bibi mmoja jirani akahamia kabisa na mto wake. Mama yake Fiona alituambia mwenyewe kwa simu kwamba siku hiyo ndipo alipokula akashiba tangu azike mume. Mheshimiwa, huo ndio msaada tuliopeleka ng'ambo, na ulitoka kijijini hapa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mnajua kwamba mwezi uliopita msiba uliingia kwangu. Mke wangu Kwandu, ambaye ninyi mlimwita Mama Yakobo na mlimwogopa kuliko mlivyoniogopa mimi, alinitangulia. Inaniuma. Sioni haya kusema mbele ya wanafunzi wangu kwamba inaniuma kila ninapofungua mlango. Mlikuja wote. Sheikh alilala pale pale kwenye mkeka mmoja na Mchungaji, na kukoroma kwao, mnisamehe viongozi wangu, kulikuwa kwa dini moja.

Niliporudi kazini ilikuwa Jumatano. Nikakaa nyuma kabisa ya darasa la tano, sina hamu ya kusema na mtu. Rehana alikuwa ameshawapa wenzetu taarifa. Picha ikafunguka, Fiona yuko mbele. Hakungoja kutafsiriwa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha machungani:

"Mwalimu, nani amelala kwako?"

Salu akanijibia: "Wote! Kijiji kizima."

Fiona akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo mama yake akasogea kwenye simu akatueleza kwamba tangu taarifa ifike mtoto amekikataa kitanda. Analala chini, kwenye blanketi, na baridi ya kule si ya mchezo. Akibembelezwa apande kitandani anasema hawezi, yuko msibani kwa Mwalimu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mitihani tutaifanya, na watoto hawa watafaulu, maana Rehana hana mzaha na kazi. Mwalimu Rehana, wabeja, asante sana. Nakuachia darasa, na nakuombea uachiwe na saa yako. Ila ukirudi Bariadi, mheshimiwa, wakikuuliza Mwanjigila wamepata nini kwa wale Wazungu, usiwaambie madawati. Waambie siku mwalimu wao mkuu alipofiwa, kulikuwa na mtoto Uskoti amelala chini.

Asanteni kwa kunisikiliza, ndugu zangu. Na asanteni kwa kulala kwangu.