Milembe Mboje, Aliyezifundisha Mashine Kukiri Makosa

Milembe Mboje alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 kijijini Lalago, wilaya ya Maswa, wakati huo mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Mboje Mayige na Mama Ng'washi. Pamba ilikuwa imefika kiunoni, na mama yake alitoka shambani jembe likiwa bado mkononi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Lalago, sekondari Maswa, kisha kompyuta chuoni Dodoma, alikohitimu mwaka 2012. Akiwa darasa la nne, baba alimtuma kwa jirani kusema kwamba ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi yetu. Alifika akasema hivyohivyo. Jirani akamrudisha hadi njiani aje upya, aanze na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, aulize hali ya kila mtu nyumbani. Milembe alitii. "Baba," alisema aliporudi, "adabu imetimia, mahindi yamekwisha."

Mwaka 2014 aliajiriwa Bariadi na kampuni ndogo iliyofunga vifaa vya kupima joto kwenye majokofu ya chanjo ya zahanati. Programu iliyomo ndani aliiandika yeye. Agosti 2021, katika zahanati moja upande wa Busega, umeme ulikatika, na uliporudi programu ilikwama. Kioo kiliendelea kuonyesha baridi ya jana huku chanjo zikipata joto. Ziliharibika, na akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao mgongoni. Milembe alikwenda kuwaomba radhi. Kisha akaandika programu ya pili, ya kuichunga ile ya kwanza. Joto la kweli hupanda na kushuka kidogo. Programu ya pili ikiona namba haitikisiki, inajua mwenzake amekwama. Inatuma taarifa Bariadi bila kuulizwa, na inakagua vifaa vya zahanati nyingine kama vina kasoro ileile.

Lakini taarifa ilitaja jina la zahanati, na nakala ilifika wilayani. Wahudumu waliogopa kulaumiwa. Nesi Generoza, wa upande wa Shishiyu, alikichomoa kifaa chake kabisa. Milembe akapanda pikipiki kumfuata.

"Mashine yako haina adabu," Nesi Generoza alimwambia. "Haisemi mwangaluka, haiulizi nimelalaje. Inaanza na msiba, tena inanichongea wilayani."

"Dada, kosa si lako. Ni la programu yangu."

"Basi ikuchongee wewe. Mbona imeanza na mimi?"

Milembe alicheka, akaomba kiti. Alipoondoka jioni, kila taarifa ya kasoro ilianza na maneno "Milembe amekosea", ndipo ikataja mahali pa kwenda kurekebisha. Nesi Generoza alikirudisha kifaa, na wengine waliochomoa wakafanya hivyo. Wilayani walimtania, "Milembe, leo umekosea wapi?" Naye alijibu, "Lalago, nyumbani kabisa." Mwaka uliofuata kasoro iliyojitokeza Shishiyu ilikutwa Lalago pia, ikaondolewa kabla chanjo hazijapata joto.

Tarehe 8 Oktoba 2016 alifunga ndoa na Mwalimu Method Nyanda katika Kanisa Katoliki Bariadi. Method husema mkewe akikosea alikiri kabla chai haijapoa, na kwamba yeye mwenyewe bado anajifunza.

Februari 2025 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa Bariadi, kisha Mwanza. Mwezi Novemba alimwita Joakim, mfanyakazi mwenzake, akamtaka aondoe jina la Milembe kwenye taarifa, aweke lake.

"Siwezi, dada. Hii kazi ni yako."

"Nesi akisoma kwamba Milembe amekosea, atampigia nani?"

Joakim akafungua kompyuta yake. Aliandika jina lake palepale, kando ya kitanda. Milembe alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Desemba 2025.

Ameacha mume, Mwalimu Method. Watoto wawili, Lucy na Anatoli. Baba na mama. Na ndugu zake, Mihayo, Bujiku na Josia.

Joakim alipangwa kubeba jeneza, lakini hatakuwa nasi. Jana, wasifu huu ukiandikwa, taarifa ilitoka zahanati moja ya Meatu ikisema Joakim amekosea. Alikuja kuiomba familia ruhusa. Mzee Mboje alimwambia asikae hata kunywa maji, aende.

Milembe wetu, Mungu akupe pumziko la amani.