Mama Chujio na Hewa Isiyonaswa

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika kituo chetu cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, fundi mkuu wa bomba la moshi anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Sisi tunamwita Mama Chujio.

Aliajiriwa kuzoa majivu. Siku ya kwanza alipanda ngazi za bomba hadi juu, huku wanaume wakitafuta visingizio. Jina alilipata baadaye, aliposimamia ufungaji wa machujio ya kunasa masizi. Nguo zilizoanikwa mtaa wa nyuma zikabaki nyeupe, na majirani wakaacha kututukana. Akapewa cheti.

Furaha ilikuwa fupi. Miaka sita iliyopita alirudi kutoka mafunzoni, akaketi nasi mezani, chai ikapoa mbele yake. Chujio hunasa masizi. Hewa ya ukaa, inayotoka makaa yakiungua, haina rangi, nayo inapita tu. Alitueleza palepale mezani: jua huipasha ardhi joto, ardhi hulirudisha juu, na hewa hiyo hulizuia lisitoke lote. Ni kama blanketi. Bila hilo tungeganda. Lakini kwa kuchoma makaa yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, tunaongeza la pili, la tatu, na hakuna wa kuyafunua.

Akaanza kusema tanuri la kwanza, kongwe kuliko yote, lizimwe. Shemeji yake, aliyekuwa opareta wa tanuri hilo, alimuuliza, “Shemeji, likizimwa, wanangu watakula hewa?” Miezi kadhaa hawakusalimiana.

Mwaka juzi alisimama mbele ya bodi, akaomba tanuri lizimwe na asiachishwe kazi hata mtu mmoja. Kuzima kulikubaliwa upesi. Ajira za watu alizipigania miezi minane, ofisi hadi ofisi. Leo shemeji yake anafunga paneli za sola palipokuwa na lundo la makaa.

Matanuri mawili bado yanawaka. Mimi ni wa zamu ya la pili, na siku hizi nikitazama mdomo wa bomba, safi kabisa, nakumbuka kinachopita humo bila kuonekana. Wiki iliyopita nilimuuliza kama tumeshachelewa. Alisema hajui. Kisha akanikabidhi daftari lake la vipimo vya hewa ya ukaa, akanionyesha ukurasa nitakaoanzia kuandika.

Asante, Mama. Umetuachia hofu, lakini hukutuachia mikono mitupu. Tunakuombea afya tele na miaka mingi ya utulivu, wewe na wajukuu zako.