Gurmeet Singh, Aliyesoma Moto

Baada ya kutumikia Maabara ya Kirit na Wana kwa miaka thelathini na minne, Mzee Gurmeet Singh anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi walinituma mimi, Nyakio wa chumba cha plastiki, niandike wasifu wake, wakaniomba niuandike kwa furaha kwa kuwa kustaafu salama ni heri. Nimejaribu. Mtanisamehe pale ambapo furaha itaniponyoka.

Alikuja kwetu akiwa kijana mwenye kilemba cha buluu na shahada ya kemia ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Wakati huo maabara yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa hapa katikati ya jiji, na kazi ilikuwa moja: kupima mafuta. Wauzaji walileta sampuli za petroli, dizeli na mafuta taa, naye akazipasha moto polepole ili ajue mvuke wake unaanza kushika moto kwenye joto gani. Mafuta taa yaliyotiwa petroli hulipua taa mkononi mwa mtu. Gurmeet aliyanasa mengi ya namna hiyo kabla hayajafika madukani. Ni watu wangapi waliosalimika hatutajua, kwa maana ajali isiyotokea haina shahidi.

Maabara ilipoanza kupokea plastiki, wengi wetu tulidhani ni kazi nyingine kabisa. Yeye alicheka, akasema ni mafuta yaleyale. Mafuta ghafi, yakipashwa moto kwenye mnara wa kiwanda, hujigawa: gesi ya kupikia hupanda juu kabisa, ikifuatwa na petroli, mafuta taa na dizeli, na lami ya barabara hubaki chini. Ukichukua ile sehemu nyepesi na kuivunjavunja zaidi, unapata gesi ambayo chembe zake, zikiunganishwa maelfu kwa maelfu, huwa mfuko wa plastiki. Kila aliyemuuliza kwa nini mfuko huo hauozi alipewa jibu moja, "Hao wameshikana mikono, na hakuna mdudu kwa udongo anajua kuwaachanisha."

Lakini alichokipenda zaidi ni moto. Kila plastiki huungua kwa tabia yake, naye alitufundisha kuzitambua kama mtu anavyotambua majirani kwa mwendo. Plastiki ya mifuko hudondoka kama mshumaa na kunuka nta. Ile ya vikombe vya maziwa ya mtindi hutoa masizi meusi. Nailoni hunuka kama nywele zilizoungua. Na PVC, ile ya mabomba ya maji, huimwaga siri yake kwenye waya wa shaba: unaupasha waya hadi uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni, na moto unageuka kijani.

Ndipo akaanzisha desturi yetu. Kila mfanyakazi mpya, awe mwanakemia au dereva, alitakiwa kutoa kitu cha plastiki mfukoni mwake, kipande chake kichomwe ndani ya kabati la kuvuta moshi, na asome mwenyewe moto unasema nini. Mpaka ufanye hivyo, wewe ni mgeni tu. Ephantus wa mapokezi alitoa kadi ya benki, na kwa wasiwasi wake akasahau kusema kwamba bado anaitumia. Iliwaka kijani cha kupendeza, na wiki nzima Ephantus alikuwa kwenye foleni ya benki akitafuta maelezo ya kutoa. Hata Mzee Kirit, mwanzilishi wetu, hakusalimika. Alijisifia tai yake ya hariri mpaka Gurmeet akaomba uzi mmoja tu. Hariri halisi ingenuka nywele, lakini uzi ule uliyeyuka kama plastiki, ukawa kishanga cheusi kigumu. Bosi alikuwa amevaa mafuta shingoni tangu harusi ya mwanawe. Hatukuiona tai hiyo tena.

Haiwezekani kumwandika Gurmeet bila kumwandika mkewe, Harleen. Walikaa Kileleshwa, na kila Ijumaa Harleen alimtuma kazini na parota, zile chapati zenye viazi ndani, na achari za kututosha sote. Aliyechelewa kufika alikula harufu. Alipokuja kumchukua jioni, Harleen alisimama mlangoni akiwa ameziba pua na kututania, "Mimi nimeolewa na petroli stesheni!" Naye Gurmeet alikuwa akitabasamu kwa aibu kama bwana harusi, mbele yetu sote, miaka nenda miaka rudi.

Kisha figo za Harleen zikaacha kufanya kazi. Gurmeet alianza kumpeleka hospitalini Upper Hill, kwenye mashine ya kusafisha damu, na kukaa kando ya kitanda akimshika mkono hadi mashine imalize. Siku moja alirudi maabara akaketi mezani petu bila kuvaa koti lake jeupe. Ilikuwa baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa imejaa wateja waliotaka kujua plastiki ipi ni mbaya na ipi ni mbaya zaidi. Akasema, "Unajua, Nyakio, mrija, chujio, mfuko wa dawa, yote ni plastiki. Hii kitu watu wanaita takataka ndiyo inanishikia bibi yangu." Nilikwenda kumtengenezea chai.

Harleen alitutoka Agosti iliyopita. Tulikwenda wote Kariokor kumsindikiza. Kwa desturi ya dini yao mwili huchomwa, na aliyekabidhiwa kuuwasha moto ni mumewe. Aliuwasha. Mtu aliyeutazama moto maisha yake yote bila kupepesa macho aliinamisha kichwa akatazama ardhi, na hakukiinua mpaka tulipomshika mabega kumwondoa. Nalia ninapoandika haya, na sioni haya kusema.

Alirudi kazini, ila kichomeo chake hakukiwasha tena mwenyewe. Alipanga sampuli, akachukua kiwashio, akakishika kidogo, akakirudisha mezani. Tulijifanya hatuoni. Ndegwa, mwenzetu wa chumba cha mafuta, alikuwa akipita hapo kana kwamba ana shughuli zake, anamwashia, anaenda zake akipiga mluzi. Kwa namna hiyo kazi ilisonga, lakini desturi yetu ilikufa. Shiko, mwanakemia wetu mpya, alimaliza miezi bila kuitwa kwenye moto. Aliniuliza ametukosea nini, nami nikamwambia ukweli.

Januari, Mzee Gurmeet aliomba kustaafu kabla ya wakati wake. Alisema mtu anayeogopa kiberiti hana faida katika maabara. Tulimsihi, hakukubali. Na kuna jambo lililotuuma kuliko hilo. Yeye na Harleen walikuwa wamepanga kwamba akistaafu wataenda Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, wapike katika lile jiko ambamo msafiri yeyote hula bure. Harleen angesukuma chapati, yeye angezichoma. Sasa alisema hataenda. Jikoni angefanya nini, mtu asiyeweza kuwasha moto?

Jumatatu iliyopita alituita sote kwenye kabati la kuvuta moshi, na Shiko akamweka mbele. Shiko alikuwa ameshatoa kifuniko cha kalamu yake. Gurmeet akatikisa kichwa. Katika miaka yote hiyo ya kuchoma vya watu, hakuna hata siku moja aliyochoma cha mfukoni mwake. Akatia mkono mfukoni, akatoa ukanda wa hospitali, ule wa plastiki unaofungwa kwenye mkono wa mgonjwa. Jina la Harleen lilikuwa limefifia lakini lilisomeka. Akakata ncha ndogo kwa makasi, mahali pasipo na maandishi, na ukanda wenyewe akaurudisha mfukoni.

Akachukua kiwashio. Ndegwa akanyoosha mkono ili amsaidie kama kawaida.

"Wacha, ndugu yangu. Nitawasha mwenyewe."

Mara ya kwanza moto haukushika. Alipojaribu tena ukashika. Shiko aliupasha waya, akaugusisha kwenye kile kipande, akaurudisha motoni, na moto ukageuka kijani. "PVC," alisema. Gurmeet hakutazama chini. Aliukazia macho moto ule mpaka rangi yote ikaisha.

"Umepita, Shiko. Sasa wewe ni wetu."

Alizima kichomeo, akautundika waya kwenye msumari wake, akaenda kunawa uso. Hatujamuuliza kama amebadilisha nia kuhusu Makindu. Ila jana Ephantus alimwona stesheni ya reli akiulizia safari, na Ephantus, pamoja na makosa yake ya kibenki, hajawahi kuwa mwongo.

Mzee Gurmeet, asante kwa taa zote ambazo hazikulipuka, kwa parota za Ijumaa, na kwa kutuvumilia. Waya wako utabaki kwenye msumari, na kila mgeni atausoma moto kama ulivyotufundisha. Tunakuombea siku tulivu, na tunajua zitakuwa pungufu bila Harleen. Huko Makindu majiko ni makubwa na yanatumia gesi, mafuta yaleyale uliyoyapima ujana wako wote. Anayetangulia kuamka ndiye huwasha.

Washa, Mzee. Wasafiri wana njaa.