Sangara wa Daktari

Kivuko kilikuwa kinatoka Kamanga kuelekea Mwanza mjini, na mzee mmoja mfugaji alikuwa anamfokea mama muuza mapanki kana kwamba ndiye aliyempima. Daktari alikuwa amemkuta na saratani ya tezi dume, akamkataza samli na nyama za mafuta.

"Eti huenda mafuta hayo yanazidi kuziharibu chembe za mwili. Nile samaki! Mgeni akija kwangu nimtengee ugali na nini, maji?"

"Pole, baba. Basi kula samaki."

"Samaki yupi? Huyu?" Aliinua panki kutoka kwenye beseni la mama: kichwa na mgongo wa sangara, mabaki ya kiwandani, yamekaangwa hadi yakawa meusi. "Minofu imepanda ndege Ulaya! Na mafuta haya ya kukaangia unayarudia tangu lini?"

"Tangu viwanda vije!" Mama naye alipandisha sauti. "Nilipokuwa nauza samaki mzima, ninyi wafugaji mlipita mmeziba pua!"

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Nashukuru hakuna aliyeniuliza neno.

Mzee alirudisha panki taratibu, akanyoosha fimbo kwenye lori la barafu mbele yetu, limejaa sangara wa kupeleka kiwandani. "Dawa yangu ile pale. Tumevuka nayo kwenye chombo kimoja."

Kivuko kiligusa gati. Mzee alikuwa wa kwanza kusimama, lakini baharia alipiga filimbi, akamzuia kwa mkono. Abiria wasubiri, lori lishuke kwanza.