Mto Chini ya Benchi

Kwenye pembe ya bustani moja ya Mangobo, mtaa wa Kisangani, pale barabara inapochoka kuwa barabara, kuna benchi la ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ubao huo uliwahi kuwa ubavu wa baleinière, chombo cha mtoni kilichobeba watu na mihogo kati ya Kisangani na Isangi, na aliyekiendesha, Papa Hemedi, bado hukaa juu yake kila alasiri kana kwamba hajashuka. Watu humwita Pilote, nahodha. Kando yake hukaa Tonton Paluku, muuza jumla aliyekulia Goma, ambaye hakuna jambo asilolieleza kwa moto wa ardhini. Huyo humwita Volcan, yaani volkano. Mwanahamisi, muuza kahawa, huwamiminia ya tangawizi. Siku hiyo kulikuwa na mtu wa nne, amesimama: Karima, mwalimu wa jiografia, vumbi hadi magotini, mkononi karatasi moja isiyo na sahihi.

Wazazi ishirini na tisa walikwisha kukubali watoto wasomee bustanini. Mkurugenzi wa shule alisema ni wote au hakuna. Akiikosa sahihi ya Papa Hemedi, anayemlea mjukuu wake, kesho darasa lingerudi ndani, mbele ya ramani ya ukutani ambamo mchwa walikuwa wameula mkoa wote wa Tshopo.

— Papa Hemedi, ni sahihi tu. Batoto wanapima bustani kwa hatua, wanaichora, wanaangalia udongo. Basi.

— Batoto wanachimba shimo, Madame. Niliona. Bustani ni ya kuikala, ya kupumzika. Masomo iko na chaki.

Karima akaweka mawe manne juu ya ubao, laini kama mayai ya ndege.

— Yalitoka katika shimo hilo. Chini ya udongo mwekundu.

— Ile? alisema Volcan. Bon, ile ni volcan. Goma ilikohoa, mawe ikaruka, ikaanguka hapa.

— Ikavuka pori lote bila kugusa muti?

— Iliruka juu sana, Madame.

— Na mbona ni laini hivi?

— Upepo. Njiani.

— Uongo! alisema Mwanahamisi. Mawe inakomaa sawa muhogo. Mwaka jana nilifagia hapa, hakukuwa hata moja.

— Wote munaota, alisema Pilote. Wabelgiji walileta ile kwa kujenga barabara. Alors, wakasahau.

— Wakasahau, halafu wakafunika vizuri na udongo? alisema Karima.

— Walikuwa na nidhamu.

Chuoni Karima alisikia maprofesa wakitetea mambo dhaifu zaidi, tena bila kahawa. Akasema polepole:

— Mto ulipita hapa, papa. Zamani sana, kabla ya mutu yeyote.

Pilote aliudhika kweli.

— Madame, miaka makumi tatu niliendesha ule mto. Naujua sawa bibi yangu. Hauwezi kunificha kitu.

— Na bibi yako alikuficha mangapi! alisema Mwanahamisi.

Walicheka wote isipokuwa Pilote. Aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja, ikaenda hadi mwisho wa ubao.

Ndipo akaja Aïcha, mjukuu wake, miaka tisa, na daftari lake. Karima alikuwa amemrekebisha mara mbili: juu ya ramani ni kaskazini. Lakini Aïcha alilelewa na Pilote, na kwake juu ya karatasi ni kule maji yanakotoka. Aliilaza ramani aliyoichora gotini pa babu yake. Bustani yote ilikuwa bluu. Katikati ya bluu, kisanduku kidogo.

— Koko, hii ni benchi. Iko ndani ya mto. Baleinière yako ingepita wapi?

Volcan aliinama aione ile bluu.

Pilote aliinua macho. Aliitazama bustani kama mtu anavyotazama maji. Kile kidimbwi cha kando ya ukuta kisichokauka. Kile kinundu ambapo vijana hucheza mpira.

— Pale ni mchanga, alisema kwa sauti ya chini. Pale utakwama.

Nyasi zililala upande mmoja, zote, zikainuka taratibu. Volcan aliinua miguu yake kutoka chini bila kujua.

— Na hapa kwetu, koko?

— Hapa... Sijue.

Karima hakuwahi kulisikia neno hilo kwenye benchi lile.

— Leta bic, alisema mzee, na Karima akampa kalamu.

Hakutia sahihi. Alichora mstari, njia ya baleinière, kwenye karatasi ya mkurugenzi, ukajipinda, ukakata mahali pa sahihi, ukaishia katikati. Halafu akavua sandali, akashuka kutoka kwenye ubao akitanguliza mguu mmoja, polepole, kama anayepima kina. Aïcha akamfuata, akihesabu hatua.

Karima aliokota karatasi. Mkurugenzi alitaka alama ya mzazi. Alama ndiyo hii. Aliigeuza, upande maji yanakotoka uwe juu, akaipanga pamoja na zile ishirini na tisa. Juu ya ubao kahawa ya Pilote ilibaki nusu kikombe, ikitikisika kidogo, kama vile kuna kitu kinapita chini.