Mstari Uliokataa Kufutika

Mheshimiwa Mkurugenzi, walimu wangu, wafanyakazi wenzangu wa maabara, shemeji yake Bi Hakiki uliyekubali kuja licha ya yote, na wewe mwenyewe Bi Hakiki, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja: nawasalimu kwa heshima.

Niliombwa niseme machache ya kufurahisha. Mtanisamehe, sinayo.

Wengi mnaikumbuka ile dawa tuliyokaribia kuwapa wagonjwa wa uvimbe. Ilikusudiwa kuzima protini moja inayopeleka amri ndani ya seli. Kingamwili tuliyotumia kuitafuta, yaani chembe inayonasa protini moja tu, ilitupa mstari mweusi, ishara kwamba protini ipo, kwenye sampuli ya kila mgonjwa, nami nikaandika ripoti kwa mbwembwe. Katika orodha ya watakaoanza dawa, wa tatu alikuwa mdogo wake Bi Hakiki, fundi cherehani.

Kilibaki kipimo kimoja. Kingamwili huchanganywa kwanza na peptidi ya kuzuia, yaani kipande kidogo cha protini ileile, ili mikono yake ijae. Mstari ukipotea, ilishika tulichokitafuta. Ukibaki, imeshika kitu kingine.

"Tutakifanya baadaye," nilisema.

"Baadaye ni lini, Daktari?" akauliza Bi Hakiki. "Dawa ikishaingia miilini mwa watu?"

Akakifanya. Siku ya nne alisimama mlangoni pangu, glavu bado mikononi. "Mstari haujaondoka."

"Labda peptidi imeharibika."

"Nimebadilisha. Nimerudia mara tatu."

"Unajua maana yake kwa mdogo wako?"

"Kwani hizo mara tatu nilikuwa narudia kwa ajili ya nani?"

Ndugu zangu, nani kati yetu angeweza? Mimi, nakiri mbele yenu, nilitamani kuifungia karatasi ile kwenye droo.

Tulikwenda pamoja kwa mdogo wake. Tulimkuta akishona pindo la sare ya shule.

"Dawa yangu naanza lini, dada?"

"Haipo. Tulikosea."

"Nani kagundua?"

"Mimi."

Akacheka kidogo. "Ningeshangaa angekuwa mwingine." Kisha akaweka sindano chini, akalia, na dada yake akalia naye. Nami nikatoka nje, maana sikustahili kukaa mle.

Alifariki miezi mitano baadaye, akamwacha mwenzi wake, shemeji huyu tuliye naye leo. Je, dawa ingemsaidia? Hapana. Mwilini mwake haikuwa na pa kushika. Lakini moyo huuliza hata jambo ambalo akili imeshalijibu.

Bi Hakiki, wagonjwa arobaini waliepushwa na sumu isiyo na faida, na hakuna hata mmoja anayekujua. Kipimo kile kilikuwa wajibu wangu. Nilikuachia wewe ukifanye, nikakuachia pia wewe ukaseme. Miaka sita tangu hapo tumekula chakula cha mchana meza moja, na sijawahi kukuomba radhi. Nisamehe, dada yangu.

Nilikuwa na ukurasa mwingine hapa, ila macho yamekataa kuusoma. Kwa subira yenu na kwa kunisikiliza, asanteni.